Seti za kadi za besiboli ya mezani: usinunue jina la mchezaji, nunua mwaka

Nianze na kosa langu ili ucheke mapema tuendelee. Mwaka juzi nilinunua seti ya kadi za msimu wa 1968 kwa jamaa mmoja wa mtandaoni, dola 35 na nauli ya posta juu yake, na kiukweli sababu ilikua moja tu, Bob Gibson, yule mrushaji mpira wa St. Louis Cardinals. Mzigo ukafika ndani ya boksi la viatu, timu 20, kila timu na rababendi yake, nikanawa mikono kabisa kama mtu anaesubiri pilau, nikafungua St. Louis Cardinals. Lou Brock yupo. Curt Flood yupo. Cepeda yupo. Gibson hayupo. Nikahesabu tena. Nikageuza boksi nikaligonga matako kama unavogonga chupa ya tomato, ikadondoka rababendi moja iliyokatika, basi. Muuzaji kamchomoa Gibson kabaki nae, alafu kwenye tangazo kaandika seti kamili. Nimemtumia meseji mpaka leo kimya.

Kwaiyo haya ninayoandika hapa ni ya mtu aliyeliwa hela, na kwa sasa nina seti sita ndani zinazonipa haki ya kuongea.

Kwa ambae hajawahi kuziona: hii ni gemu ambayo kila mchezaji halisi wa ligi kuu ya Marekani ana kadi yake, na kwenye kadi hamna picha, hamna saini, ni namba tupu zimejaa kama ratiba ya treni. Unarusha dadu, unaangalia kwenye kadi umeangukia wapi, unapata jibu, hiti (kapiga kafika besi), straikauti (kashindwa kuupiga katolewa), woki (kapewa besi ya kwanza bure), homurani (kapiga kazunguka besi zote), mpira umedakwa. Ukicheza gemu za kutosha, takwimu za yule mchezaji zinakuja kukaribiana na zile alizopata kweli mwaka ule. Usichanganye na zile kadi za kukusanya ambazo watu wanazifungia kwenye plastiki wakisubiri zipande bei. Hizi ni za kushikwa, za kumwagiwa chai, zangu za Detroit zina doa la kahawa ambalo sio langu.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mpira wa miguu na bao, besiboli nimeikuta huku Lancaster, Pennsylvania. Na hapa ndo pana kichekesho, mji huu huu ndo ilipozaliwa APBA, moja ya gemu mbili kubwa za aina hii, mzee J. Richard Seitz alianza kuiuza kwa njia ya posta mwaka 1951. Mimi nilikua sijui lolote. Nilienda kutafuta meza ya kulia kwa watu wanaotandaza vitu vyao nje Jumamosi, mama mwenye nyumba akaniwekea boksi la APBA juu ya meza bure kwa vile alikua amechoka kuliona. Meza ilivunjika mguu baada ya miezi minne, boksi bado ninalo.

Mpinzani wangu ni jirani wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Uvira, mtu mzima, namuita Papa. Siku ya kwanza namuonyesha kadi akaishika kwa mbali kama risiti ya deni akauliza, "Sasa huyu mutu alishakufa, namna gani iko anapiga?" Nikamwambia Papa, anaepiga ni mwaka wake. Nilisema tu kwa haraka lakini ndo jambo lenyewe zima, na ndo linalowashinda wanunuzi wengi. Kadi ni mchezaji katika msimu mmoja, kapimwa na ligi ya msimu ule ule. Ukilielewa hilo hutanunua seti kwa sababu ya jina.

Tuanze na kuzisoma maana usipojua kuzisoma hutajua unanunua nini.

APBA ni rahisi zaidi kwa macho. Dadu mbili, moja kubwa nyekundu na moja ndogo nyeupe, unasoma nyekundu kwanza, kwaiyo nyekundu 4 na nyeupe 2 ni 42, na ukihesabu kuanzia 11 mpaka 66 unapata matokeo 36. Kila moja kwenye kadi ina namba ya pembeni, hiyo namba unaipeleka kwenye chati kulingana na nani yuko besi gani. Ukishazoea huangalii chati tena kwa mambo ya kawaida, 13 ni straikauti, 14 ni woki, 1 ndo ile unayoomba usiku na mchana. 66 ndo mrusho mtamu kuliko yote, Papa akipata 66 anasimama kabisa. Mrushaji yeye akiwa anarusha mpira hana kadi ya kusomea dadu, ana daraja, A mpaka D, na herufi za pembeni, X na Y kwa wale wa straikauti nyingi, Z kwa mwenye udhibiti, W kwa anaegawa woki kama peremende za Eid. Daraja likiwa zuri baadhi ya hiti za mpigaji zinageuka kua auti, yaani katolewa. Safi, haraka, gemu moja inaisha kabla wali haujaiva vizuri.

Kasoro yake ni hiyo hiyo, kila kitu kiko kwa mpigaji. Ukiwa unapenda warushaji kama mimi unajikuta mrushaji wako ni herufi tu.

Strat-O-Matic, Strat kwa kifupi, ndo nyingine, ya Hal Richman wa kule Long Island, New York, ambae aliianza kichwani akiwa mtoto wa miaka 11 na akaanza kuiuza 1961 na kadi 80 tu za mastaa. Hapa dadu ni tatu. Nyeupe moja inaamua safu, ikitoka 1, 2 au 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6 unasoma kadi ya mrushaji. Zile mbili nyingine unajumlisha, 2 mpaka 12, hapo ndo mstari wako. Maana yake nusu ya gemu iko mkononi kwa mrushaji, na mrushaji ana kadi yake kamili, unaishika, unaitazama, unaichukia.

Sasa tazama kwa karibu hapa kidogo, shika kadi kama unayo. Dadu tatu zinatoa njia 216. Kila safu ina njia 36. Jumla ya 7 inatoka kwa njia 6, jumla ya 6 au 8 kwa njia 5, jumla ya 2 au 12 kwa njia moja moja. Kwaiyo mtu anaekuambia kadi hii ni kali kwa sababu ina homurani tatu, muulize zimekaa kwenye mstari gani. Homurani kwenye 2, 12 na 3 ni njia 4 tu kati ya 216, wakati homurani moja peke yake kwenye 7 ni njia 6. Mimi mwezi mzima wa kwanza nilikua nahesabu maneno badala ya kuhesabu njia, Papa akawa ananichapa tu na yeye hajui hata kwa nini ananichapa.

Alafu kuna upande wa pili wa kadi. Upande wa kwanza ni gemu ya msingi, wa pili ni ya juu, ambayo inatenganisha mpigaji anapokutana na mrushaji wa mkono wa kushoto na anapokutana na wa kulia. Upande huu ulikuja mwaka 1972. Ndo pale utaona mtu ambae kwa ujumla ni wa kawaida lakini ukimuwekea mrushaji wa kushoto anageuka simba, kocha mjanja anamuweka benchi alafu anamuingiza iningi (raundi) ya saba. Ulinzi nao una daraja, 1 ni bora na 5 ni mlango wazi. Na kuna dadu ya pande 20 kwa zile nafasi ambazo zimegawanywa, mfano 1 mpaka 8 homurani, zaidi ya hapo dabo, yaani hiti ya kufika besi ya pili.

Sasa kwa nini nasema nunua mwaka.

Hesabu hii nilikaa nayo jikoni na kalamu, ni hesabu ya vidole, woki na mambo ya viwanja nimeviacha nje ili twende sawa. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski, Yaz kwa kifupi, aliongoza American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu (nyingine ni National League), kwa wastani wa .301, yaani hiti 301 kwa kila mara 1,000 za kupiga, alikua peke yake kwenye ligi ile aliyevuka .300. Ligi ile nzima ilipiga .230, yaani ulikua ukame, warushaji walitawala mpaka mwaka uliofuata wakapunguza kilima cha mrushaji kutoka inchi 15 mpaka 10. Sasa kwenye Strat nusu ya mirusho ya dadu inaenda kwenye kadi ya mrushaji, na mrushaji wa kawaida anatoa kwa kiwango cha ligi, .230. Ili Yaz amalize msimu na .301, kadi yake mwenyewe lazima ibebe kama .372. Mara mbili ya .301, toa .230. Umeona? Kadi lazima izidishe ili wastani utoke sawa.

Nenda 1930. Mwaka ule National League nzima, wapigaji wazuri kwa wabovu na warushaji ndani, ilipiga .303. Philadelphia Phillies walipiga .315 kama timu, Chuck Klein .386 na homurani 40, Lefty O'Doul .383, ukisoma hizo namba bila kujua chochote unasema hawa walichukua kombe. Walikua wa mwisho. Walishinda gemu 52 wakapoteza 102, walifunga pointi 944 na wakaruhusu 1,199. Elfu moja mia moja tisini na tisa ndugu yangu, uwanja wao Baker Bowl ukuta wa kulia ulikua karibu kama uzio wa jirani. Sasa mpigaji wa kawaida wa Phillies, .315 kwenye ligi ya .303, kadi yake inabeba kama .327 tu. Yaz wa .301 ana kadi nene kuliko mtu wa .315. Ndo maana watu wanaonunua seti kwa kuangalia wastani kwenye mtandao wanakuja kulalamika kadi zimekosewa, hazijakosewa, wao ndo hawajaangalia ligi.

Na Gibson mwenyewe. 1968, wastani wake wa pointi alizoruhusu ulikua 1.12 kwa gemu, iningi 304 na ushee, alirusha mwenyewe mpaka mwisho gemu 28 kati ya 34 alizoanza, 13 kati ya hizo wapinzani hawakupata hata pointi. Wapigaji walimpiga .184 wakati ligi yake, National League, ilikua .243. Fanya hesabu ile ile kwa upande wake, mara mbili ya .184 toa .243, unapata .125. Yaani dadu nyeupe ikitoka 4, 5 au 6 mbele ya Gibson, nenda katie chai maji. Na bado mwaka ule alipoteza gemu 9! Seti nzuri ndo inakuonyesha ilikuaje, kwa sababu wapigaji wa Cardinals wenyewe nao walikua kwenye ukame ule ule, unacheza gemu mbili tatu za kufungwa moja bila unaelewa kabisa uchungu wa mtu.

Kwaiyo nikiulizwa kati ya 1930 na 1968 nanunua ipi, nasema inategemea wewe ni mtu wa aina gani. 1930 ni harusi. Kila mtu anapiga, gemu zinaisha 11 kwa 9, mgeni ambae hajawahi kucheza atafurahi haraka, na Hack Wilson wa Chicago Cubs yupo na homurani 56 na zile pointi 191 zilizoingia kwa gongo lake mwaka ule, rekodi ambayo mpaka leo haijaguswa. Ubaya wake ukishacheza gemu 40 unachoka, homurani inakua kama salamu. 1968 mwanzoni inachosha, iningi sita hamna kitu, alafu mtu mmoja anapata woki, anaiba besi, na moyo unaanza kwenda mbio kwa pointi moja. Mimi ni mtu wa 1968. Papa ni mtu wa 1930, na kwa sababu hiyo kila Jumapili tunabishana kabla ya kufungua boksi.

Ukizichanganya je? Unaweza, kadi zinaingiliana, dadu hazikatai. Lakini ukiweka Phillies wa 1930 mbele ya warushaji wa 1968 kinachotoka ni kitu cha katikati, sio 1930 wala sio 1968, ni kama kuchanganya mchuzi wa samaki na wa mbuzi. Tumefanya mara mbili tukaacha.

Seti za msimu wa juzi, hizi zinazotoka kila mwaka mpya, sio mbaya, na kama unaangalia besiboli kwenye runinga utafurahi kumuona Shohei Ohtani wa 2024 na homurani zake 54 na besi 59 alizoiba kwenye kadi moja. Tatizo langu na misimu ya sasa ni benchi kubwa na warushaji wanabadilishwa kama daladala na abiria, straikauti kila mahali, gemu inakua ya kusoma kadi nyingi. Kwa anaeanza, mimi siipendekezi kua ya kwanza.

Zile seti za mastaa wa miaka yote, ambazo kadi imetengenezwa kutoka miaka mingi ya mchezaji, ndo zinazouza zaidi kwa macho na ndo zinazochosha haraka zaidi kwenye meza. Kila anaekuja kupiga ni mtu wa sanamu. Huna nafasi ya kua kocha kwa sababu huna mchezaji mbovu wa kumficha, na raha ya gemu hii, sijui kama naeleweka, ni yule mbovu. Chukua Ray Oyler wa Detroit 1968, shotistopu, yule mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, alipiga .135. Point moja tatu tano! Mlinzi hodari, mikono ya dhahabu, lakini na gongo mkononi ni kama kapewa mwiko. Detroit walipofika fainali kocha wao Mayo Smith alimtoa akamuweka Mickey Stanley, mlinzi wa uwanja wa nje kabisa, acheze shotistopu, watu wakamuona kichaa, na wakachukua ubingwa kwa gemu saba. Ukiwa na seti ya 1968 unaupata huo mtihani mwenyewe, unamuacha Oyler akulindie au unaweka gongo na kuomba mpira usiende kule. Hiyo kwenye seti ya mastaa huipati.

Isipokua moja. Strat walitoa mwaka 2009 seti ya mastaa wa ligi za watu weusi, wale ambao ligi kuu ilikua imewafungia mlango, zaidi ya wachezaji 100, Satchel Paige, Oscar Charleston, Cool Papa Bell, na Josh Gibson. Nitasema ukweli, niliinunua kwa hasira, nilikua nimekosa Gibson nikasema basi nichukue hata Gibson mwingine. Huyu alikua mdakaji, kacheza sana upande wa Pittsburgh, hapa hapa Pennsylvania, alifariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla Jackie Robinson, aliyewafungulia weusi mlango wa ligi kuu, hajaingia uwanjani na timu ya Brooklyn mwezi Aprili. Gibson hakucheza hata gemu moja ya ligi kuu. Mwaka 2024 ligi kuu iliingiza takwimu za ligi zile kwenye vitabu vyake na wastani wake wa .372 ukawa juu ya wote. Kadi yake nimeishika mara nyingi kuliko ya mtu mwingine yeyote ninae. Papa, ambae huwa hajali historia, aliposikia hiyo ya Januari na Aprili alinyamaza kidogo alafu akasema nimpe huyo mutu kwenye timu yake, na sijawahi kumrudishia.

Mtego mwingine ambao hauandikwi kwenye boksi ni wachezaji waliocheza kidogo. Mwaka 1957 kuna kijana Bob Hazle aliitwa Milwaukee Braves katikati ya msimu akapiga .403. Lakini alienda kwenye gongo mara 134 tu! Kadi inatengenezwa kwa alichofanya, kwaiyo inakua kali kuliko ya mastaa waliocheza mwaka mzima, na ukimchezesha kila siku umeharibu msimu wako. Sisi tumeweka sheria, mtu hachezi zaidi ya alivocheza kweli, na daftari lipo. Papa alijaribu kunipitishia hilo mara moja akisema alisahau kuandika.

Kama unanunua mpya dukani kwao moja kwa moja huna haja na aya hii, ruka. Kama unanunua iliyotumika, muulize muuzaji vitu vitatu na akupe picha, maneno usikubali. Moja, kadi ina pande mbili au moja. Seti niliyopata mimi ilikua ya upande mmoja tu, gemu ya msingi, na bei aliyonitoza ilikua ya pande mbili. Pili, kila timu ina kadi ngapi, na hapa omba picha ya kila timu imetandazwa mezani kama dagaa, maana anaeuza seti kamili bila staa mkubwa kuliko wote anajua kabisa anachofanya. Tatu, kama kuna maandishi. Zangu zina penseli nyuma, mtu alikua anaandika idadi ya iningi kwa herufi ndogo ndogo safi, na mwanzoni nilichukia alafu nikazoea, sasa nikimuweka Mickey Lolich, mrushaji wa Detroit, naangalia kwanza yule bwana alimchosha kiasi gani.

Uchakavu wenyewe usikutishe. Kadi iliyopinda pembe inacheza sawa na mpya.

Mnaosoma mkiwa Dar au Kampala, najua posta ndo inaua, bei ya usafirishaji inaweza kuzidi kadi zenyewe. Lakini msiseme besiboli haituhusu, Waganda walifika Williamsport mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya Little League, na Dar Wajapani wamewafundisha vijana wetu mpaka wana mashindano yao. Kama unaijua gemu yenyewe tayari, njia rahisi ni kuchukua timu mbili tu badala ya seti nzima, mtu anaekuja likizo anaziweka mfukoni mwa koti. Timu mbili za mwaka mmoja. Detroit na St. Louis za 1968 zinakutosha mwaka mzima, fainali yao ile ilienda gemu saba na unaweza kuirudia hadi uchoke.

Kwa alama, kama lazima: Strat 1968 ya pande mbili naipa 9 kati ya 10. 1930 naipa 7, Papa anasema 10 na amenitaka niandike hivo kwaiyo nimeandika. APBA naipa 8, na kwa mtoto au mtu asiye na muda naipa 9, kuliko zote kwa kuanzia. Seti za mastaa wa miaka yote 5. Ya ligi za watu weusi siitoi alama.

Bob Gibson nimempata mwezi uliopita, kadi moja peke yake, dola 9 kwa mtu mwingine kabisa, ndani ya bahasha na kipande cha kadibodi ili asipinde. Jumapili hiyo hiyo nikamuweka dhidi ya Detroit ya Papa. Iningi tano hamna hiti, straikauti nane, mimi naongea sana, Papa yuko kimya anakunywa chai. Iningi ya sita anakuja Ray Oyler. Nikamwambia Papa mtoe huyo, muonee huruma. Papa akasema acha apige. Dadu nyeupe ikaangukia upande wa mpigaji, nikaisoma kadi, nikaisoma tena, nikampa Papa asome mwenyewe. Hiti. Sasa hivi ile kadi ya Oyler iko kwenye friji yake chini, ameibana na sumaku, na kila tukitaka kucheza lazima nishuke kwanza nikaiombe.